Waziri akivaa joho la jaji

Majuzi pale Mpondwe, tukisubiri lori la kahawa, mfanyabiashara mmoja aliyerejea kutoka upande wa Beni aliniuliza: mtu aliyekuwa waziri, kisha akapewa ujaji, ataweza kweli kuikatalia serikali iliyomlea?

Nilimtajia wawili wa huku kwetu magharibi. George Kanyeihamba wa Kigezi alikuwa Waziri wa Biashara mwaka 1986, baadaye Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu. Alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba, na mwaka 1997 akateuliwa Mahakama ya Juu. Bart Katureebe naye alitoka Bunge la Katiba, akawa mbunge wa Bunyaruguru, hapo ukishavuka mfereji wa Kazinga, na Mwanasheria Mkuu hadi 2001. Aliingia Mahakama ya Juu mwaka 2005.

Njia ni ileile. Lakini Aprili 2006, Kizza Besigye alipopinga matokeo ya urais, waligawanyika. Majaji wote saba walikubali kwamba sheria ilikiukwa, wapiga kura wengine wakikuta majina yao hayamo. Wanne, Katureebe akiwamo, walisema ukiukaji huo haukubadili matokeo kwa kiasi kikubwa. Kanyeihamba, Oder na Tsekooko walikataa.

Wachuuzi wenzangu watanielewa. Gunia limepungua, hakuna anayebisha. Ubishi ni kama limepungua kiasi cha kuvunja biashara, na kipimo hicho sheria imemwachia jaji. Mimi naona hapo ndipo penye hatari, kuliko kwenye kadi ya chama aliyoishika zamani. Waziri huondolewa kwa tangazo la redio jioni (nasi tumeshayasikia mengi), ila jaji wa Mahakama ya Juu hukaa hadi miaka 70, na si rahisi kumng'oa.

Kanyeihamba alistaafu 2009, akaendelea kuisema serikali hadharani hadi alipofariki Julai 2025. Katureebe alikuwa Jaji Mkuu kuanzia 2015 hadi 2020. Mwaka 2016 yeye na wenzake wanane walitupilia mbali kesi ya Amama Mbabazi, lakini wakaitaka serikali irekebishe sheria za uchaguzi na kutoa taarifa ndani ya miaka 2.

Yule bwana alitikisa kichwa. "Na ya Mfalme Mumbere je?" Alikamatwa Novemba 2016, na mashtaka yakaondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka Juni 2023. Nilimwambia hiyo hakuna jaji aliyeipima hadi mwisho. Lori likafika, tukaanza kushusha.