Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi: vijana wa Uvira wasome kabla ya kutia saini

Bendi changa za Uvira hazikosi waimbaji wala wapiga gitaa. Zinachokosa ni vyombo. Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na kushuka mwambao wa Tanganyika hadi Makobola na Baraka, vijana wengi wanaopiga muziki wamejifunzia kanisani, kwenye kinanda na ngoma ambazo si mali yao. Wakialikwa kwenye arusi hulazimika kukodi spika, mashine ya kuchanganya sauti na jenereta, kwa kuwa umeme haujulikani utakatika saa ngapi. Bendi ikilipwa dola 150, kwa mfano, na vyombo vikakodiwa kwa dola 80, watu sita hurudi nyumbani na dola 70 za kugawana, na nauli bado haijatolewa.

Ndiyo maana habari za udhamini wa vyombo zinawavuta sana vijana hawa. Kwenye simu zao wanawaona wanamuziki wa Ulaya na Marekani wakishika gitaa jipya lililotolewa na kiwanda, nao wanajiuliza kwa nini wao wasipate. Swali ni la haki. Lakini kabla ya kuuliza jinsi ya kupata, bendi isiyo na mkataba wowote ingefaa kujiuliza itatoa nini. Historia ya muziki wa Kongo na majirani zake inaonyesha kwamba mtu anayetoa vyombo, mara nyingi, hupata bendi nzima.

Mambo haya hayakuanza leo. Katika Léopoldville ya miaka ya 1950, studio kama Ngoma, Opika na Loningisa, zilizokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni, ndizo zilizokuwa na magitaa. Mpiga gitaa alikuja na vidole vyake tu. O.K. Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilichukua jina la baa ilimokuwa ikipiga. Baadaye Verckys Kiamuanguana, aliyekuwa mpiga saksafoni wa Franco, alizipa vyombo bendi za vijana kama Bella Bella na Lipua-Lipua na kuzirekodi chini ya lebo yake ya Vévé. Bila yeye, huenda nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zisingesikika. Lakini aliyetoa vyombo ndiye pia aliyetoa sahani, na ndiye aliyeshika hesabu.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, ilikuwa hivyo hivyo. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilisha jina, bendi nayo ikabadilishwa: ikawa JUWATA, kisha OTTU. Jina la Msondo, ambalo mashabiki walilipenda, lilibaki la mitaani kwa miaka mingi kabla ya kuandikwa mbele. Na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyevuka kwenda Dar es Salaam mwaka 1978, alipata umaarufu akiwa na Super Matimila. Matimila halikuwa jina la mwanamuziki. Lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo.

Habari ya Remmy ina upande wa pili ambao vijana wa Uvira wanapaswa kuujua. Kilichomfikisha kwenye majukwaa ya Ulaya hakikuwa vyombo vizuri. Rafiki yake alisafiri kwenda Uingereza na kanda yake, kanda hiyo ikafika kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 bendi ikaalikwa. Mwaka uliofuata ikatoa albamu kwa lebo ya Real World. Konono No. 1 ya Kinshasa nayo ilijulikana duniani ikiwa na likembe zilizounganishwa na vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za magari mabovu. Staff Benda Bilili waliimba karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa, na mmoja wao akipiga chombo cha uzi mmoja alichokitengeneza kwa kopo. Wasikilizaji waliwafuata kwa sababu ya muziki wao. Wadhamini walikuja nyuma ya wasikilizaji.

Viwanda vinafuata utaratibu huo huo. Udhamini wa vyombo una ngazi. Ngazi ya juu ni kupewa vyombo bure, na hiyo ni ya wachache waliokwisha kuwa na majina. Ngazi ya pili ni kukopeshwa vyombo kwa ajili ya safari ya maonyesho, kisha kuvirudisha. Ngazi ya tatu, ambayo ndiyo wanamuziki wengi huifikia, ni bei ya msanii: kampuni inakupunguzia bei, nawe unalipa kilichobaki. Kwa malipo hayo unaahidi kutumia chapa yao peke yake, kuruhusu picha na jina lako zitumike kwenye matangazo, na kuwataja mbele ya watu. Kampuni haiangalii kipaji peke yake. Inauliza bendi inapiga mara ngapi kwa mwezi, mbele ya watu wangapi, na kama inaitumia chapa hiyo tayari. Kwa hiyo bendi ndogo zinazofanikiwa huanza na vitu vidogo, kama nyuzi za gitaa au vijiti vya ngoma, ambavyo kampuni haioni hasara kuvitoa.

Sasa weka utaratibu huo Uvira. Punguzo la bei kutoka kiwandani ni zuri kwenye karatasi. Mzigo wenyewe lazima upite Dar es Salaam na Kigoma hadi bandari ya Kalundu, au Bujumbura na mpaka wa Gatumba na Kavimvira, pamoja na nauli na ushuru wa forodha. Mpaka ukifungwa, mzigo unakaa. Vita vikija, hakuna anayejua utakuwa wapi. Punguzo lote linaweza kuliwa njiani kabla gitaa halijafika Mulongwe. Tena kiwanda cha mbali hakina duka Uvira, kwa hiyo tangazo la bendi ya Uvira halikiuzii kitu.

Mdhamini wa kweli wa bendi ya mwambao huu yuko karibu zaidi. Ni mwenye duka la spika na simu sokoni, ambaye kila arusi ni tangazo lake. Ni mwenye ukumbi, ambaye angepata watu kila Jumamosi kama angekuwa na vyombo vyake na bendi ya kudumu. Ni redio ya mtaa, ambayo haina pesa lakini ina studio na saa za hewani. Ni kampuni ya simu inayotafuta vijana wa kununua data. Hawa wanauza Uvira, na mteja wao ndiye shabiki wa bendi.

Kampuni za bia zilikuwa mlango mwingine. Kinshasa, ushindani wa Bralima na Bracongo uliwalisha wanamuziki wakubwa kwa miaka mingi. Lakini Juni 2025 Heineken, iliyokuwa na hisa kubwa katika Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa vituo vyake katika maeneo ya Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi wake. Miezi sita baadaye, Desemba 2025, wapiganaji wa M23 waliingia Uvira kwenyewe. Bendi inayotegemea mdhamini mmoja mkubwa inapaswa kukumbuka jinsi mdhamini huyo anavyoweza kutoweka kwa tangazo moja.

Kuna mdhamini mwingine ambaye hatoweki, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Ni mkubwa wa siasa, au mtu mwenye watu wenye silaha nyuma yake, anayeleta spika mbili na kinanda bila karatasi yoyote. Haombi chochote siku hiyo. Wakongo wana jina la malipo yake: libanga, yaani kutajwa jina ndani ya wimbo. Wanamuziki wa Kinshasa wamelitumia kwa miongo, na wengi wameishi kwalo. Lakini Kinshasa, jina lililotajwa vibaya huleta aibu au hasara ya pesa. Katika mji uliobadilishwa mikono kwa bunduki, bendi inayojulikana kuwa ya fulani inaweza kulipa zaidi ya pesa fulani huyo akiondoka. Spika ya bure inayodai wimbo wa sifa ndiyo spika ya bei ghali kuliko zote.

Kuna watakaosema kwamba mwenye njaa hachagui. Bendi ambayo haijawahi kuwa na gitaa la besi inawezaje kumwambia tajiri alete karatasi? Hoja hii ina uzito, na wanaoisema wanaishi ndani yake. Lakini karatasi haimfukuzi mdhamini mwenye nia njema. Mwenye duka hukopesha bidhaa kwa daftari kila siku, na anajua kwamba deni lililoandikwa halileti ugomvi. Anayekasirika akiombwa kuandika ameshajibu swali ambalo bendi ilipaswa kumuuliza.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Ukurasa mmoja unatosha kama unajibu mambo matano. Vyombo ni vya nani leo, na vitakuwa vya nani baada ya mwaka mmoja? Bendi italipa nini: maonyesho mangapi, bango gani, kutajwa mara ngapi? Chombo kikiharibika au kikiibwa, nani atalipa? Jina la bendi na nyimbo zake zinabaki kwa nani? Na upande mmoja ukitaka kutoka, utatokaje? Swali la nne halina mjadala. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na aliyetoa amplifaya hawi mtunzi kwa kuitoa. Saini za pande mbili, mashahidi wawili, na nakala moja ibaki kwa bendi, isiachwe kwa mwenye vyombo.

Upande wa bendi nao una kazi. Mwenye duka haongezi mteja kwa kuambiwa kwamba vijana hawa wana kipaji. Anataka kuona daftari la miezi mitatu lenye tarehe, mahali na idadi ya watu. Anataka video moja iliyorekodiwa vizuri kwa simu, wimbo mzima, sauti ikisikika. Anataka bendi inayofika kwa wakati na isiyobadilisha waimbaji kila wiki. Na ombi liwe moja, dogo, lenye kipimo: spika mbili kwa miezi sita kwa maonyesho kumi na mawili yenye bango la duka. Ombi la kusaidiwa vyombo vyote humfanya mfanyabiashara aone kwamba anaombwa sadaka, na sadaka hutolewa mara moja.

Kuna njia nyingine ambayo akina mama wa soko la Uvira wanaijua kuliko wanamuziki: likelemba. Bendi nne zikichanga kila mwezi, moja inanunua kinanda, mwezi mwingine nyingine inanunua spika, na vyote vinazunguka kwenye arusi za zote nne. Ni polepole, na inadai uaminifu ambao bendi zinazoshindana huwa hazina. Lakini bendi yenye hata spika moja yake yenyewe huzungumza na mdhamini ikiwa imesimama. Inaweza kukataa, kwa sababu ikikataa itapiga Jumamosi vilevile.

Desemba 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Orodha hiyo haikumpa kijana yeyote wa Uvira hata uzi wa gitaa, na haikuahidi hivyo. Vyombo vitatoka madukani, kwa watu wenye hesabu zao. Vijana waende kwao na daftari lao na kalamu, na wasipokee spika yoyote ambayo mwenyewe hataki kuiandikia.