Barua ya staji peke yake haitoshi

Goma, Bukavu, Beni na Butembo, vijana wa masomo ya ufundi wanatoka shuleni na barua moja mkononi. Barua ina muhuri. Inaomba mwenye garaji ao atelye ya ushonaji ampokee mwanafunzi kwa staji. Shule inahesabu kwamba kazi yake imeisha. Kumbe ndiyo inaanza.

Kijana anafika garajini asubuhi, hakuna anayejua amekuja kujifunza nini. Anapewa ufagio, halafu anatumwa kununua mandazi. Juma la tatu amezoea kuosha vyuma kwa mazuti, lakini hajafungua injini hata moja. Kufagia si aibu, kila fundi alifagia. Lakini ufagio ni mwanzo wa siku, si staji nzima.

Kwa familia zilizokimbia vita, hasara ni kubwa zaidi. Mama aliyetoka Masisi ao Rutshuru, anayebeba mizigo sokoni ili apate unga, halipii masomo ya mtoto kwa kujifurahisha. Shamba limebaki nyuma, mifugo imeibwa. Ufundi ndio mali ambayo mtoto anaweza kukimbia nayo.

Wenye atelye nao wana neno la kweli. Mwanafunzi asiyejua kupima akikata kitambaa vibaya, mteja anamdai patro, hadai shule. Tangu benki zilipofungwa Goma mwanzoni mwa 2025, pesa imekuwa ngumu, na hakuna anayetaka kulipa kosa la mgeni. Ndiyo maana matayarisho yanapaswa kufanyika kabla ya staji.

Kwanza, mwanafunzi ajue majina ya vyombo jinsi mafundi wanavyoyaita, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Ajue kukata umeme kabla ya kugusa waya. Ajue kusalimia mteja. Na akiharibu kitu, aseme palepale, asifiche.

Pili, mwalimu, patro na mwanafunzi waandike pamoja kazi tano ambazo kijana atakuwa amezifanya kwa mikono yake staji ikiisha. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002, ikizungumzia mapatano ya kujifunza kazi, inamfunga mwenye kufundisha kutoa mafunzo kamili na ya utaratibu. Roho hiyohiyo inafaa kwa staji.

Tatu, mwalimu aende kuangalia, bila kungoja ripoti ya mwisho. Hasa kwa wasichana: kabla ya kwenda, msichana ajue atampigia nani simu ikiwa patro anadai jambo lisilo la kazi, na ajue kwamba kuondoka hapo hakutamnyima alama.

Watoto waliohamishwa watafutiwe atelye karibu na wanapolala, kwa sababu wengi hawana pesa ya moto kila siku. Wasio na vyombo waazimwe vya shule.

Haya hayahitaji mfadhili kutoka mbali. Yanahitaji mwalimu atembee, patro asikilizwe, na mzazi aulize. Kabla ya kutoa pesa ya staji, mzazi amuulize mkubwa wa shule maneno matatu: mtoto ataenda wapi, atafundishwa kazi gani, na nani atakwenda kumwangalia? Shule isiyo na jibu haijawa tayari kumtuma mtoto wa mtu.