Namba ya siri ni yake mwenyewe

Tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilitangaza sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Kabla yake, mwaka 2015, Kongo ilikwisha kujiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki hizo. Kifungu cha 24 cha mkataba kinadai elimu ya maisha yote, si ya watoto tu. Basi hapa Kisangani tunauliza: mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, aliyekosa shule utotoni, atafundishwa wapi kutumia kompyuta?

Hili si jambo la anasa. Leo pesa, habari za jamaa na hata matangazo ya kanisa hupitia simu, nayo simu ni kompyuta ndogo. Asiyeweza kuitumia hutegemea mwingine ajuaye namba yake ya siri, apokeaye pesa zake na kumwambia zimebaki ngapi. Wengi ni waaminifu. Lakini tumkumbuke Mefiboshethi, kilema wa miguu. Katika 2 Samweli 9 Daudi anamrudishia mashamba ya Sauli na kumketisha mezani pake, huku Siba akisimamia mali. Katika sura ya 16 Siba huyohuyo anamsingizia bwana wake na kupewa yote. Kumkaribisha mtu mezani hakutoshi kumlinda.

Ulemavu wa akili si wazimu wala pepo. Ni akili inayojifunza polepole, na inajifunza kweli. Maombi ya kufukuza pepo hayamfundishi mtu kusoma ujumbe. Yanaweza kumwongezea aibu tu.

Mafundisho yenyewe hayana siri. Somo moja dogo kwa siku: kuwasha, kuzima, kumpigia dada kwa kugusa picha yake, kuandika jina lake. Kifaa kilekile, mahali palepale, mwalimu yuleyule. Kurudia bila kukaripia. Herufi zikishindikana, tutumie picha na sauti. Jamaa wakae kando, wasimshike kidole. Na ajifunze kutompa mtu namba ya siri, hata mchungaji.

Vizuizi vipo. Umeme hukatika, vifaa ni ghali, na anayekaa Lubunga huvuka mto ili afike Makiso. Ndiyo maana tunaona kanisa la mtaani linafaa: lina jengo ambalo mara nyingi liko tupu katikati ya juma, na vijana wanaojua vifaa hivi. Simu mbili na saa mbili kwa juma zatosha kuanza.

Serikali ibaki na deni lake la walimu na bajeti, nasi tuendelee kulidai. Lakini ninyi wazee wa kanisa, katika kikao chenu kijacho andikeni majina ya ndugu hawa walio katika ushirika wenu. Kisha waulizeni wao wenyewe, si wazazi wao tu, wanataka kujifunza nini.