Misitu na Maziwa Si Mali ya Wenye Magari

"Gari lako liko wapi?" Hilo ndilo swali nililolakiwa nalo miezi michache iliyopita katika lango la bustani moja iliyo kando ya Ziwa Naivasha. Nilimjibu bawabu, kwa heshima zote, kwamba sikuja na gari. Nilikuwa nimepanda matatu Nairobi hadi mjini Naivasha, nikaabiri nyingine iendayo Kongoni, nikashukia barabarani na kuja hapo kwa miguu. Alinitazama viatu, akautazama mkoba uliokuwa mgongoni mwangu, kisha akanena: "Mzee, hapa ada ni ya gari na waliomo ndani. Ya mtu wa miguu haijaandikwa." Nikamwuliza, "Sasa, ndugu yangu, nifanyeje?" Akacheka kidogo, wala hakucheka kwa ubaya, akanishauri nirudi barabarani nilisimamishe gari lolote linaloingia, niombe kubebwa ili nami nihesabiwe miongoni mwa waliomo ndani.

Simlaumu bawabu yule. Si yeye aliyeiandika bei ile ubaoni. Lakini swali lake limekuwa likinizunguka akilini tangu siku hiyo, kwa kuwa naona limebeba fikra nzima iliyotawala nchi hii: kwamba msitu, ziwa na mlima ni vya kutembelewa na mwenye gari, na kwamba anayekuja kwa miguu amepotea njia au ana nia mbaya.

Lugha yenyewe inatushuhudia. Neno "mtalii" limetokana na kitenzi "kutalii", ambacho asili yake ni ya Kiarabu na maana yake ya awali ni kusoma kwa makini, kupekua, kuchungua. Kwa mujibu wa asili hiyo, mtoto wa Karagita anayeinama ukingoni mwa ziwa akimchungua ndege ni mtalii kamili. Leo hii, hata hivyo, ukimtaja mtalii mbele ya wanafunzi wangu, wote humwona akilini mzungu mwenye kamera ndani ya gari lililo wazi paani. Kwa upande mwingine tuna kitenzi "kutembea", ambacho kwetu kina maana ya kwenda kwa miguu na pia maana ya kwenda kuzuru. Mgeni akija kwangu nasema amenitembelea, hata kama amekuja kwa ndege. Waliotuachia lugha hii hawakuona tofauti kubwa kati ya kutumia miguu na kuzuru mahali. Sisi ndio tuliovitenganisha.

Hebu tuirejelee Naivasha, maana ndiko ninakokujua vyema. Ni mwendo wa kilomita tisini hivi kutoka Nairobi, na matatu za huko huondoka sehemu za Nyamakima tangu alfajiri. Ukifika mjini, unapanda nyingine inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa. Utapita Karagita, utapita mashamba ya maua yasiyokwisha, na ukishukia kwenye njia panda ya Hell's Gate utakuwa umebakiwa na mwendo wa kilomita mbili hivi kufika langoni. Mbuga hiyo, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1984, ni miongoni mwa chache mno nchini ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Hapo hakuna anayekuuliza gari. Baiskeli za kukodi zimepangwa kando ya njia, na vijana wa pale wanaishi kwa kuzikodisha. Kutoka langoni hadi kwenye korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita nane, na mwenye kutembea huufaidi kila mwamba. Nitoe tahadhari moja tu: korongo lile si la kuchezewa mvua inaponyesha, hata iwe inanyesha mbali. Mafuriko ya ghafla yaliwaua watu humo mwaka 2012, na yakarudia mwaka 2019. Kiongozi akikuambia utoke, toka.

Kinyume chake ni ziwa lenyewe. Wamaasai waliliita kwa neno lenye maana ya maji yanayochafuka, nao waliyafikia maji hayo pamoja na mifugo yao kabla ya mkataba wa 1904 uliowahamisha kutoka sehemu hizo. Leo unaweza kutembea kwa saa nzima kandokando ya barabara ya kusini, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, usilione. Utaona nyua, mabati, milango ya chuma, na vibao vyenye michoro ya mbwa. Ziko njia za umma zilizoachwa kati ya mashamba ili watu na mifugo wayafikie maji. Nyingine zingali wazi, kama pale Kamere, na nyingine zimebanwa hadi zimekuwa vichochoro, au zimezibwa kabisa. Nimewahi kuzungumza na mama mmoja ambaye amefanya kazi ya kufunga maua kwa miaka mingi, na ambaye watoto wake wamezaliwa wakisikia viboko usiku. Aliniambia kwamba watoto hao waliliona ziwa kwa karibu mara ya kwanza walipopelekwa na shule, kwa basi la kukodi, na kulipishwa kiingilio.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba kiboko huua, na ni kweli, huua. Nitaambiwa pia kwamba kingo za ziwa ni dhaifu, na kwamba tangu 2014 Naivasha ni ardhioevu inayolindwa. Hapana, niwe mkweli kwa msomaji, ni tangu 1995, ndipo ilipoingizwa katika orodha ya Ramsar. Hoja hizo ni nzito. Lakini mbona kiboko huyo huyo hamzuii mwenye hoteli kuweka viti vya wageni nyasini, hatua chache tu kutoka majini? Na maji yalipopanda mwaka 2020 yakazimeza nyua kadhaa, yalitukumbusha sote mpaka halisi uko wapi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imetamka bayana kwamba maziwa na mito, pamoja na misitu ya serikali, ni ardhi ya umma. Haikuongeza maneno "wenye magari".

Atakayesema kwamba jambo hili haliwezekani aende Karura. Mnamo Januari 1999 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nakumbuka vyema jinsi tulivyosikia kwamba Profesa Wangari Maathai amepigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda mche katika msitu ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, wakakabiliana na polisi. Leo msitu huo wa hekta zipatazo elfu moja ungalipo. Unapanda matatu nambari 100 ya Kiambu, unashuka, unalipa ada yako kama mtu mmoja mwenye miguu miwili, na unaingia. Kuna maporomoko ya maji, kuna mapango, kuna kiziwa cha mayungiyungi. Siku za Jumapili utawakuta wafanyakazi wa nyumbani, makarani na familia nzima zilizobeba chapati, wakipishana na mabalozi wanaokimbia. Mimi sijui mahali pengine Nairobi ambapo watu hao wote husalimiana.

Huko magharibi nako, msitu wa Kakamega unafikika kwa njia rahisi vilevile. Kutoka mjini Kakamega unapanda matatu hadi Shinyalu, halafu bodaboda hadi Isecheno. Niliwahi kuzunguka humo na kiongozi wa kienyeji ambaye aliugusa mti mmoja na kusema "mwiritsa", akanieleza kwamba magamba yake hutumika kutibu maradhi ya tezi ya wanaume. Nikakumbuka kwamba Wakikuyu huuita mti huo huo "muiri". Tulisimama pale chini ya mbega, watu wawili kutoka pande mbili za nchi, tukilinganisha majina ya miti hadi nikachelewa gari la kurudi. Nimefundisha isimu linganishi kwa miaka kadhaa, na nakiri kwamba saa ile ilinifaa kuliko mihadhara mingi niliyoitoa. Huwezi kuipata ukiwa umefunga kioo cha gari.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure. Serikali za kaunti haziambiwi zijenge hoteli. Ziweke kibao kituoni kinachosema msitu uko wapi na ni mwendo wa dakika ngapi. Zipime upya njia za kuingilia Ziwa Naivasha, ziweke mawe ya mipaka, na ziziondoe nyua zilizozivamia, awe aliyeziweka ni nani. Zihakikishe kwamba kila lango linalotoza ada lina bei ya mtu aliyekuja kwa miguu, iliyoandikwa ubaoni kwa Kiswahili kinachosomeka. Na sisi walimu tuache desturi ya kungoja basi la shule ambalo haliji. Nauli ya matatu kwenda Ngong, nambari 111, inawezwa na wanafunzi walio wengi.

Muhula ujao, Mungu akipenda, nitawapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu Naivasha wakakusanye majina ya mahali. Tutakuwa kumi na wawili, tutashukia pale pale barabarani, na tutapita katika lango lile lile. Bawabu amekwisha kunijua. Natumaini waajiri wake watakuwa wameshaongeza mstari mmoja ubaoni.