GITARE YA BESI: TUTENGENEZE, TUSIIRUDISHE



Tangu kwaya inunue gitare ya besi iliyokwisha kutumika, dola 60, manung'uniko hayaishi hapa Kazimia. «Juu ya nini kununua kitu kibovu?» Kweli, ilifika bila sauti, shingo imepinda kama upinde. Na jina lake, Musima, hakuna aliyelijua. Ni la kiwanda cha Markneukirchen, Ujerumani ya Mashariki ya zamani.

Lakini tuangalie kazi yenyewe. Fundi wa radio alikuta waya moja tu imekatika, karibu na tundu la kuchomekea. Akaiunga na risasi, sauti ikarudi. Ndani ya shingo muko chuma. Tulikaza pole pole, robo ya mzunguko kwa siku, ikanyooka. Nyuzi zote 4 (mi, la, re, sol) tulizichemsha ndani ya maji, tukazikausha. Uchafu ukatoka, zikalia tena.

Kunabaki batri tu. Sasa wenzetu wa darasa la sita wanakataa mchango: «Kisha mtihani wa Serikali tunaondoka.» Sisi nasi tunaondoka, lakini tunasema hapana. Ngoma tuliyoikuta hapa, nani aliinunua? Waliotutangulia. Tumeimba nayo miaka yote hii bure.

Tena gitare hii isiazimwe kwa baa, hata wakileta pesa nyingi. Na anayetaka kuipiga, ajifunze kwanza kuitengeneza.

Zaburi ya 150 inatuagiza kumsifu Mungu kwa vyombo vya nyuzi. Haisemi viwe vipya.