Joto la Prosesa Lahitaji Kipimo Kabla ya Dawa

Kijana aliyejifunza kuipandisha kasi prosesa ya kompyuta ya mezani hufurahia sana saa za mwanzo za ushindi wake. Programu nzito hufunguka upesi, na mashine ya jana huonekana kama mashine mpya. Kisha feni huanza kuvuma, joto hukaribia nyuzi 100 za sentigredi, na mashine husita au hujizima ghafla. Hapo ndipo washauri hujitokeza kwa wingi. Mmoja humwambia anunue feni kubwa. Mwingine humtaka abadilishe kasha. Wa tatu humshauri apake upya pesti ya kupitisha joto. Huenda mmoja wao amesema kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyepima kitu chochote. Wote wamefanya kama mganga atoaye dawa kabla ya kumwangalia mgonjwa.

Kosa hilo ni la kielimu kabla ya kuwa la kifundi. Joto la prosesa ni tatizo la fizikia, na mwanafunzi wa sekondari anayo tayari maarifa ya kulichunguza. Linalokosekana aghalabu ni desturi ya kupima.

Prosesa hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya umeme. Ile ya gigahezi 3 hupokea mapigo bilioni 3 kwa kila sekunde. Mtengenezaji huiwekea kasi ambayo ana hakika kwamba kila prosesa ya aina hiyo itaihimili kwa miaka mingi. Kwa hiyo baadhi yake hubaki na akiba isiyotumika. Mfano mashuhuri ni Celeron 300A, iliyotolewa na Intel mwaka 1998. Iliuzwa kuwa ya megahezi 300, lakini nyingi ziliweza kufikia megahezi 450 kwa kupandisha tu kasi ya njia ya mawasiliano ya ubao mkuu kutoka megahezi 66 hadi 100. Faida hiyo ya nusu nzima iliwavuta vijana wengi katika shughuli hii.

Hata hivyo, faida ya namna hiyo hulipiwa kwa joto. Nguvu inayotumiwa na saketi za prosesa katika kubadili hali zake hulingana na kasi ya mapigo, na pia na kipeo cha pili cha volteji. Mtu akiongeza kasi kwa asilimia 10 bila kugusa volteji, nguvu hiyo nayo huongezeka kwa asilimia 10. Akiongeza volteji peke yake kwa asilimia 10, nguvu huongezeka kwa asilimia 21. Akiongeza vyote viwili, huongezeka kwa asilimia 33. Nguvu hiyo yote hatimaye hugeuka joto. Zaidi ya hayo, kadiri prosesa inavyopata joto ndivyo umeme unavyozidi kuvuja ndani ya transista zake, na uvujaji huo huzaa joto jingine.

Watengenezaji wenyewe wamekutana na ukuta huo. Mwaka 1974, Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa pamoja na volteji yake, nguvu kwa kila eneo la kipande hubaki ile ile. Kwa miaka mingi kasi ikapanda kwa msingi huo. Lakini ulifika wakati ambapo volteji haikuweza kupunguzwa tena kwa kiwango kile. Pentium 4 ilifikia gigahezi 3.8 mwaka 2004, na mwaka huo huo Intel ikafuta mpango wa kuitoa ile ya gigahezi 4. Tangu hapo watengenezaji walielekea zaidi kwenye kuweka viini viwili au zaidi ndani ya prosesa moja.

Hesabu ya upoaji nayo ni nyepesi. Joto la prosesa ni sawa na joto la hewa ya chumba, pamoja na nguvu katika wati ikizidishwa kwa ukinzani wa joto wa kipoza joto. Mathalani, kipoza joto chenye ukinzani wa nyuzi 0.4 kwa kila wati kikitumika na prosesa ya wati 100, katika chumba cha nyuzi 25, prosesa itafikia nyuzi 65. Nguvu ikipanda hadi wati 133, joto litafikia nyuzi 78. Chumba kile kikiwa katika mji wa pwani kama Tanga au Mombasa, mchana wa nyuzi 32, joto litafikia nyuzi 85. Kwa hiyo ushauri uliomfaa mtu wa nchi ya baridi hauwezi kunakiliwa pwani bila kufanyiwa hesabu upya. Wala hakuna feni, hata iwe kubwa namna gani, iwezayo kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayovutwa na feni hiyo.

Kwa msingi huo, uchunguzi una utaratibu wake. Kwanza, joto la chumba liandikwe, kisha joto la prosesa ikiwa imetulia na ikiwa kazini. Pili, kasi na volteji virudishwe kama vilivyowekwa na mtengenezaji. Joto likibaki juu hata hapo, kosa haliko katika kasi. Tatu, itazamwe namna joto linavyopanda. Likiruka kwa sekunde chache tu, ilhali kipoza joto chenyewe kingali baridi, basi joto halivuki vema kutoka prosesa kwenda kwenye chuma: huenda pesti imekauka, skrubu zimelegea, au karatasi ya plastiki ya kiwandani haikubanduliwa. Likipanda polepole kwa dakika nyingi, hewa ndiyo ishukiwe. Nne, ubavu wa kasha ufunguliwe. Joto likishuka kwa nyuzi kadhaa, hewa moto ilikuwa imefungiwa ndani, au vumbi limeziba njia zake. Tano, volteji ichunguzwe, kwa maana mbao kuu nyingi zikiachiwa zijiamulie huipandisha kuliko inavyohitajika. Katika hatua zote hizo, kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema kwamba taabu yote hiyo ni ya bure, kwa kuwa prosesa za siku hizi hujilinda zenyewe. Ni kweli kwamba prosesa nyingi za mezani hujipunguzia kasi zinapokaribia kikomo chao, ambacho kwa nyingi ni kati ya nyuzi 90 na 100 hivi. Lakini hoja hiyo humgeukia msemaji wake. Prosesa iliyopandishwa kasi, kisha ikajipunguzia kwa ajili ya joto, yaweza kufanya kazi polepole kuliko isiyoguswa kamwe. Tena ulinzi huo hauzuii makosa ya hesabu yatokeayo pale kasi inapozidi uwezo wa saketi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Shule nazo zina wajibu katika jambo hili. Kompyuta itunzayo alama za wanafunzi haifai kupandishwa kasi hata kidogo. Inachohitaji ni kupanguswa vumbi. Lakini kuwakataza wanafunzi wasifungue kasha lolote ni kufunga maabara iliyo tayari. Yafaa kompyuta moja kuukuu itengwe kwa majaribio, chini ya uangalizi wa mwalimu, na ichomolewe kwenye umeme kila inapoguswa ndani; sanduku la kugawia umeme lisifunguliwe kamwe. Programu za upimaji huonyesha joto, na katika mashine nyingi huonyesha wati pia. Wanafunzi wakichora grafu ya joto dhidi ya wati, kasi ya feni ikiwa haibadilishwi, watapata mstari unaokaribia kunyooka. Mwinamo wake ni ukinzani wa joto, na pale unapokata mhimili wa joto ni joto la hewa. Kisha wapake pesti upya, wachore tena, na kulinganisha.

Mwanafunzi aliyeuona mwinamo ukipungua mbele ya macho yake hatahitaji kuambiwa kwamba pesti imesaidia. Na siku ile mwinamo usipopungua, atajua kuwa dhana yake ilikuwa na kosa, naye atatafuta sababu nyingine bila kwenda dukani.