Anayepokea garanti ya nyumba ajibu pia juu ya waya zake

Mjini Bukavu, moto unapounguza nyumba katika komini ya Kadutu au Ibanda, neno la kwanza la majirani ni «kursirkwi». La pili ni lawama kwa mpangaji: aliacha risho, alisahau pasi. Kisha mwenye nyumba anajenga tena, kwa mbao na waya za namna ile ile.

Lawama hiyo haitoshi. Mpangaji anajibu juu ya risho aliyoileta. Lakini waya za ukutani, prizi na dijonkteri alivikuta.

Kwenye parseli nyingi, nyumba moja imegawanywa vyumba vinne au vitano, vyote juu ya waya moja. Risho ya wati 1500 kwenye umeme wa volti 220 inavuta karibu ampea 7. Tatu zikiwaka pamoja jioni, zinapita ampea 20. Waya nyembamba ya milimita 1,5 za mraba hukingwa kwa kawaida na dijonkteri ya ampea 10 au 16. Umeme ukikatika kila jioni, wengine wanaweka dijonkteri kubwa zaidi. Hapo haikatiki tena. Waya ndiyo inayochemka, katikati ya mbao.

Wenye nyumba wana jibu lao: umeme unapotea na kurudi kwa nguvu, na wapangaji wengine wanajiunganishia waya usiku. Ni kweli. Lakini nyumba iliyofungwa waya vizuri inavumilia makosa ya mtu mmoja. Nyumba mbovu inaunguza avenue nzima.

Sheria nayo haiko kimya. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba inamtaka anayepangisha atunze nyumba katika hali ya kutumika, na kifungu chake cha 258 kinamlazimisha aliyeleta hasara kwa kosa lake kuilipa. Tangu tarehe 31 Desemba 2015, kuna hata sheria ya pekee juu ya nyumba za kupanga. Kinachokosekana ni desturi.

Desturi hiyo inaweza kuanzia kwenye garanti. Kabla ya kutoa ufunguo, mwenye nyumba atoe sehemu ya pesa hizo amlipe fundi wa umeme: kila chumba kiwe na dijonkteri inayolingana na waya yake, prizi ziwe na waya ya ardhini, na konteri iwe na kinga ya miliampea 30, ile inayokata umeme kabla haujaua mtu. Mkataba uandike vyombo gani waya inaweza kubeba. Mpangaji naye aombe kuona hayo kabla ya kutia sahihi, na shefu wa avenue awe shahidi.

Gharama ya fundi ni ndogo kuliko ya kujenga upya. Na mtoto aliyeungua akilala, hakuna garanti inayomrudisha.